Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kufuma zawadi na mapambo ya nyumbani kwa kroshia

Maswali haya yanarudi kila mtu mpya anaposhika sindano, na mengine yanarudi hata kwa waliokwisha kufuma mablanketi mazima. Yamepangwa kuanzia ya mwanzo kabisa hadi yale ya nadra. Unaweza kuruka moja kwa moja kwenye lako. Panapohitajika, jibu litakuelekeza kwenye swali lingine.

## Kabla ya kuanza

Kroshia inatofautianaje na kufuma kwa sindano mbili?

Kroshia hutumia sindano moja yenye ndoano kichwani, na muda mwingi unakuwa na kitanzi kimoja tu kwenye sindano. Kila mshono unamalizika kabla ya kuanza unaofuata. Kwenye sindano mbili, mstari mzima wa vitanzi unaning'inia wazi, na kimoja kikidondoka kinaweza kufumuka hadi chini. Kwa kroshia, ukiona kosa unachomoa sindano, unavuta uzi mpaka kosa lilipo, unaendelea. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuipendekeza kwa mtu anayetaka kufuma kwa kujifurahisha.

Kitambaa chake huwa kinene na hakinyumbuki sana, kwa hiyo kinafaa vitu vinavyotakiwa kusimama vyenyewe: vikapu, midoli, foronya, mifuko. Ubaya wake ni kwamba kinakula uzi. Kwa ukubwa uleule, tarajia kutumia uzi mwingi kuliko wa sindano mbili.

Ninahitaji vifaa gani?

Sindano moja ya kroshia ya milimita 5, bonge moja la uzi wa unene wa kati (kwenye lebo nyingi huandikwa namba 4), mkasi, na sindano butu yenye tundu kubwa kwa ajili ya kuficha mikia ya uzi. Ongeza pini mbili tatu za kuwekea alama. Seti ya sindano ishirini na kisanduku chake inapendeza, lakini inaweza kusubiri.

Jambo ambalo wengi hulipuuza ni rangi ya bonge la kwanza. Chukua rangi nyepesi na uzi laini usio na manyoya. Kwenye uzi mweusi mishono haionekani, na kwenye uzi wa manyoya huwezi hata kuihesabu. Usipoweza kuona mshono, hutajifunza kuusoma, na kusoma mishono ndiyo kazi yenyewe.

Namba na herufi kwenye sindano zina maana gani?

Namba ya milimita ni kipenyo cha shingo ya sindano, pale kitanzi kinapokaa. Marekani hutumia pia herufi: G ni milimita 4, H ni milimita 5, I ni milimita 5.5. Fuata milimita, maana mifumo mingine hubadilika kutoka nchi hadi nchi.

Nishike sindano vipi? Na mimi ninatumia mkono wa kushoto.

Kuna namna mbili zilizozoeleka: kuishika kama kalamu, au kuishika kwa juu kama kisu. Zote ni sahihi. Chagua ile ambayo mkono wako hauchoki nayo baada ya nusu saa.

Anayetumia mkono wa kushoto hufanya kila kitu kwa upande wa pili: mstari wake huenda kutoka kushoto kwenda kulia. Maelekezo ya maandishi humfaa vilevile yalivyo. Kinachomsumbua ni picha na video, na hizo unaweza kuzigeuza kwa programu ya kuhariri, ziwe kama zinavyoonekana kwenye kioo. Ila akifuma michoro yenye maandishi, lazima asome chati kinyume, la sivyo herufi zitageuka.

Ni mishono gani ambayo siwezi kuikwepa?

Mitano: cheni, slipu, singo, hafudabo na dabo. Karibu kila unachokiona kwenye kazi za kroshia kimetokana na hiyo mitano kwa kuipanga, kuiongeza au kuipunguza.

Cheni ni msururu wa vitanzi: unazungusha uzi kwenye sindano na kuuvuta kupitia kitanzi kilichopo, tena na tena. Kati ya mishono mingine, singo ndiyo ya kuanza nayo. Ingiza sindano chini ya vitanzi vyote viwili vya juu vya mshono, vile vinavyofanana na herufi V iliyolala. Zungusha uzi kwenye sindano, uvute utokeze mbele. Sasa una vitanzi viwili. Zungusha tena, upitishe kwenye vyote viwili. Umebaki na kimoja, na singo imekamilika. Kwa dabo unazungusha uzi mara moja kabla ya kuingiza sindano. Ukivuta unapata vitanzi vitatu, kisha unavitoa viwiliviwili. Hafudabo huanza kama dabo, ila vile vitanzi vitatu unavitoa kwa mpigo mmoja. Slipu ni ya kuunganishia: unaingiza, unavuta uzi, unaupitisha moja kwa moja.

Nimefuata maelekezo neno kwa neno, mbona kazi imetoka fupi sana?

Huenda maelekezo ni ya Marekani nawe umeyasoma kwa macho ya Uingereza; ikiwa kinyume chake, kazi hutoka ndefu. Majina ni yaleyale lakini mishono ni tofauti: singo ya Marekani huitwa dabo Uingereza, na dabo ya Marekani huitwa trebo Uingereza. Njia rahisi ya kugundua ni kutafuta singo kwenye maelekezo. Ikiwemo, hayo ni ya Kimarekani, kwa sababu mfumo wa Uingereza hauna singo kabisa. Kwenye ukurasa huu majina yote yanafuata mfumo wa Marekani.

## Uzi na rangi

Pamba, sufu au akriliki?

Uliza kwanza kitu kitafanya kazi gani. Pamba haivutiki sana, inanyonya maji na inavumilia joto, kwa hiyo ni ya jikoni na mezani. Akriliki ni nyepesi, ina rangi za kila aina na inafuliwa bila masharti mengi, kwa hiyo inafaa blanketi, foronya na midoli. Sufu ina joto na inanyumbuka vizuri, lakini ile ya kawaida ikikutana na maji ya moto na msuguano hujikunja na kushikana, na hairudi ilivyokuwa. Kama unampa mtu sufu, mwambie namna ya kuifua, au chagua sufu iliyotiwa dawa ya kuvumilia mashine.

Kwa zawadi nina msimamo: mtu mwenye watoto wadogo na kapu la nguo limejaa asipewe kitu kinachotaka kufuliwa kwa mkono. Atakiweka kabatini kwa heshima na hatakitumia.

Zile namba nyingine kwenye lebo ni za nini?

Muhimu ni tatu: unene wa uzi, ukubwa wa sindano unaopendekezwa, na namba ya bechi ya rangi, yaani kundi la mabonge yaliyotiwa rangi pamoja. Hiyo ya tatu ndiyo huwaumiza watu. Mabonge mawili yenye jina lilelile la rangi lakini bechi tofauti yanaweza kupishana kidogo. Dukani huoni kitu, ila ukishafuma, mpaka unaonekana wazi katikati ya blanketi. Nunua mabonge yote kwa pamoja. Ukikosa, yachanganye: fuma mistari miwili kwa bonge hili na miwili kwa lile, ili mpaka huo usionekane.

Na usitupe lebo. Ifunge kwenye kipande kidogo cha uzi wake.

Napenda rangi nyingi, lakini nikizikusanya kazi inaonekana fujo. Nifanyeje?

Mara nyingi tatizo ni kwamba rangi zote zina nguvu sawa, wala si wingi wake. Nyekundu kali, buluu kali na kijani kikali zikikaa pamoja, kila moja inataka kuonekana kwanza. Chagua moja iongoze, mbili zimsindikize, na moja tulivu ya kupumzisha macho, kama nyeupe ya maziwa, kijivu au buluu nzito. Hiyo tulivu ikijirudia kwenye ukingo wa kila kipande, hata mabaki ya rangi kumi na tano yatakaa pamoja bila ugomvi.

Kuna jaribio moja linalosaidia kuliko nadharia zote. Panga mabonge mezani, yapige picha kwa simu, kisha igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Mabonge yatakayotoka na kijivu kilekile hayatatofautiana vizuri yakikaa jirani, hata kama moja ni waridi na jingine kijani. Unataka kuona nyepesi, ya kati na nzito. Jaribio hili lina maana zaidi kwenye michoro midogo, maana kwa mbali macho huona wepesi na uzito wa rangi kabla ya rangi yenyewe.

Na kama zawadi ni ya mtu, angalia anachovaa na anachoweka sebuleni kwake. Rangi unazozipenda wewe zina kwako pa kukaa.

Nabadilishaje rangi bila kuacha doa la rangi ya zamani?

Rangi mpya haianzi kwenye mshono mpya. Inaanza mwishoni mwa mshono wa zamani. Fuma singo ya mwisho mpaka ubaki na vitanzi viwili. Hapo achia uzi wa zamani, zungusha ule mpya na uupitishe kwenye vitanzi vyote viwili. Kitanzi kilichobaki kwenye sindano tayari ni cha rangi mpya, na mshono unaofuata utakuwa safi kuanzia juu hadi chini. Kwa dabo ni hivyohivyo: badilisha kwenye mvuto wa mwisho kabisa.

Sababu ni kwamba ile V ya juu ya mshono wowote hutengenezwa na mvuto wa mwisho wa mshono uliotangulia. Ukilielewa hili, hutalisahau tena.

Mikia ya uzi imejaa nyuma. Nikate tu?

Hapana. Fundo na mkasi peke yake hufumuka baada ya kufua mara kadhaa. Acha mkia wa sentimita 15 kila unapokata uzi, uingize kwenye sindano butu, upitishe ndani ya mishono kwenda upande mmoja, urudi, kisha uende tena. Mizunguko hiyo mitatu ndiyo inayoufunga. Kazi ya rangi nyingi ina mikia mingi, kwa hiyo ifiche kila unapomaliza kipande. Ukisubiri mpaka mwisho utakuta mikia mia moja na hamu imekwisha. Unaweza pia kuulaza mkia juu ya mstari na kuufumia ndani unapoendelea, ila ongeza mpito mmoja wa sindano butu mwishoni.

Nitajuaje kama rangi itachuja?

Lowesha kipande cha uzi, kiweke kati ya kitambaa cheupe kilicholowa, bonyeza na uache kikauke. Ukiona alama, usiuchanganye na uzi mweupe. Nyekundu nzito na buluu nzito za pamba ndizo za kushukiwa kwanza. Siki na chumvi hazitegemewi kuzuia pamba iliyokwisha kutiwa rangi isichuje.

## Nifume nini?

Zawadi gani inaweza kuisha jioni moja?

Vitambaa vya kuwekea vikombe, vinne au sita. Kila kimoja hutumia uzi kidogo, kwa hiyo ni mahali pazuri pa kumalizia mabaki ya pamba. Hiki hapa cha rangi tatu, kwa pamba ya unene wa kati na sindano ya milimita 5:

Anza na cheni 4, ziunganishe kwa slipu ziwe pete. Mzunguko wa kwanza: cheni 3 (hizi zinahesabiwa kama dabo moja), kisha dabo 11 ndani ya pete, funga kwa slipu juu ya cheni ya tatu. Una 12. Mzunguko wa pili, rangi mpya: dabo 2 kwenye kila mshono, jumla 24. Mzunguko wa tatu, rangi nyingine: dabo 1, halafu 2 kwenye mshono unaofuata, rudia hivyo mpaka mwisho, jumla 36. Ukitaka ukingo, rudi kwenye rangi ya kwanza na uzungushie singo: tano moja moja, kisha mbili kwenye mshono wa sita, ufike 42. Katika kila mzunguko wa dabo, zile cheni 3 za mwanzo zinashika nafasi ya dabo ya kwanza. Kikikunjamana au kuinuka kama bakuli, tazama swali la duara hapa chini.

Je, naweza kufuma vitambaa vya kushikia vyombo vya moto?

Ndiyo, kwa pamba au sufu pekee. Akriliki ni plastiki. Ikigusa chombo kilichotoka motoni inaweza kuyeyuka na kushika ngozi. Hata pamba ifume mara mbili, yaani vipande viwili vilivyounganishwa mgongo kwa mgongo, kwa singo zilizobana zisizo na matundu. Na kikiwa kimelowa usikitumie, kwa sababu maji hupitisha joto haraka.

Graniskwea ni nini, na blanketi linahitaji ngapi?

Graniskwea ni kipande cha mraba kinachofumwa kuanzia katikati kwenda nje kwa vishada vya dabo tatu tatu. Kwenye kila pembe unaweka vishada viwili vilivyotenganishwa kwa cheni 2, na pembe hizo ndizo zinazokifanya kiwe mraba. Kila mzunguko ukiwa na rangi yake, unapata kipande cha kupendeza bila kujua zaidi ya cheni, slipu na dabo.

Hesabu ya blanketi ni rahisi ukishapata kipande kimoja. Tuseme unataka sentimita 90 kwa 120 na kipande chako kina sentimita 15. Hiyo ni 6 kwa 8, vipande 48. Kisha pima uzito wa kipande kwa mizani ya jikoni. Kikiwa na gramu 20, vyote vitachukua gramu 960, yaani mabonge 10 ya gramu 100, na uongeze moja au mawili ya kuunganishia na kuweka ukingo. Fanya hesabu hii kabla ya kununua uzi. Blanketi nyingi zilizolala nusu kwenye mifuko zilianza kwa kukisia.

Kwa foronya ya mto wa sentimita 45, vipande 9 vya sentimita 15 vinatosha upande mmoja. Mgongo waweza kuwa kitambaa cha kawaida, hakuna anayeutazama.

Vipande vyangu havilingani. Kimoja kina sentimita 14, kingine 16.

Mkono hubadilika. Asubuhi umetulia, usiku umechoka, na mkazo wa uzi unafuata. Tofauti ya sentimita moja hivi hutibika kwa kunyoosha: lowesha vipande, vibandike kwa pini kwenye godoro jembamba au sponji kwa kipimo kimoja, uviache vikauke. Akriliki hukubali zaidi mvuke wa pasi, ila shika pasi juu, isiguse. Ikigusa, uzi unalainika, unang'aa na kulegea moja kwa moja.

Tofauti kubwa zaidi ya hapo haifichiki. Fumua vile vilivyozidi, au vizungushie singo vile vilivyopungua.

Nataka kumfumia mtoto mdoli. Niangalie nini?

Usalama kwanza. Kwa mtoto chini ya miaka 3 usiweke vifungo, shanga wala macho ya plastiki, hata yale yenye kufuli nyuma, kwa sababu kitambaa cha kroshia kinavutika na jicho zima linaweza kuchomoka. Tarizi macho kwa uzi. Kila kiungo kishone kwa mkia mrefu, kisha ukivute kwa nguvu mwenyewe kabla mtoto hajakivuta. Usiweke kamba ndefu. Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka asilale na mdoli wala blanketi legevu kitandani. Zawadi hizo ni za wakati yuko macho na mtu mzima yupo.

Sasa ufumaji. Midoli hufumwa kwa singo kwa mzunguko usiokatika, bila kufunga kwa slipu, kwa hiyo weka pini kwenye mshono wa kwanza wa kila mzunguko na uihamishe kila ukifika. Tumia sindano ndogo kuliko lebo inavyosema: kama lebo inasema milimita 5, jaribu 3.5. Unataka kitambaa kilichobana hadi pamba ya kujazia isichungulie. Unapopunguza, ingiza sindano kwenye vitanzi vya mbele tu vya mishono miwili, kisha ifume kama mmoja, tundu halionekani. Jaza kidogokidogo ukianzia kwenye ncha, na maliza kujaza kabla shingo haijawa nyembamba.

Kikapu changu kinalegea na kuanguka.

Uzi ni mwembamba kwa kazi hiyo au sindano ni kubwa. Shika nyuzi mbili kwa pamoja na sindano ya milimita 6, fuma singo, uone tofauti. Kitako kikishafikia upana unaoutaka, fuma mzunguko mmoja kwenye kitanzi cha nyuma pekee cha kila mshono, bila kuongeza. Hapo panatokea kona kali na ukuta unaanza kupanda.

Fulana kuukuu nazo hutoa uzi mzuri wa vikapu. Kata mwili wa fulana kwa mzunguko, utepe wa sentimita 2 hadi 3 usiokatika, kisha uvute. Utepe unajikunja wenyewe kuwa kamba. Huo unataka sindano ya milimita 9 au 10, na mikono itachoka mapema.

## Kazi inapokataa

Nilianza na mstatili, sasa ninapata pembetatu.

Unapoteza mishono pembeni. Hili ndilo swali linaloongoza, na jibu lake ni kuhesabu. Ukianza na singo 20, kila mstari uishe na 20, si 19.

Wengi hukosea penye cheni ya kugeukia, ile unayoifuma unapogeuza kazi ili kuanza mstari mpya. Kwa singo unafuma cheni 1 na kwa kawaida haihesabiwi. Singo ya kwanza inaingia kwenye mshono wa kwanza kabisa. Kwa dabo unafuma cheni 3 na kwa kawaida inahesabiwa kuwa dabo ya kwanza; kwa hiyo dabo inayofuata inaingia kwenye mshono wa pili, na mwisho wa mstari lazima ufume juu ya zile cheni 3 za mstari uliopita. Ukizisahau, unapungua mmoja kila mstari. Weka pini kwenye mshono wa kwanza na wa mwisho kwa mistari mitano hivi, mpaka macho yazoee.

Kazi ikipanuka badala ya kupungua, kisa ni hichohicho kwa upande wa pili: unafuma mara mbili mahali pamoja.

Duara langu linakunjamana pembeni. La mwenzangu linainuka kama bakuli.

Lako lina mishono mingi mno, la mwenzako lina michache. Duara la kulala sawa huongezeka kwa idadi ileile kila mzunguko: 6 kwa singo, 8 kwa hafudabo, 12 kwa dabo. Kwa singo basi ni 6, 12, 18, 24, 30, na kuendelea. Idadi zikiwa sahihi na bado linainuka kidogo, mkono wako unabana. Panda sindano ya nusu milimita juu.

Mkunjamano huo una heshima yake, hata hivyo. Mwaka 1997 mtaalamu wa hisabati Daina Taimina, wa Chuo Kikuu cha Cornell, alitumia kroshia yenye kuongeza mishono kupita kiasi kutengeneza umbo la jiometri ya haipaboliki (uso unaojikunja mawimbi kadiri unavyopanuka) ambalo wanafunzi waliweza kulishika mkononi. Mwaka 2005 madada wawili, Margaret na Christine Wertheim, wakaanza kufuma miamba ya matumbawe kwa kanuni hiyohiyo. Kwa hiyo ukitaka maua ya mawimbi au mwani wa kupamba kikapu, ongeza mshono kila mshono bila huruma.

Cheni ya mwanzo inabana, sehemu ya chini imejivuta.

Fuma cheni peke yake kwa sindano kubwa zaidi kwa milimita moja, kisha rudi kwenye sindano yako.

Mkono na shingo vinauma.

Pumzika kila nusu saa hivi, nyoosha vidole, inua kazi kwa mto uliowekwa mapajani ili usiinamishe shingo. Sindano yenye mpini mnene husaidia wengi. Ganzi au maumivu yasiyoisha baada ya kupumzika ni ya kumwonyesha mtaalamu wa afya.

## Mengineyo

Uzi utatosha mstari mmoja zaidi?

Kabla ya mstari unaofuata, kunja uzi uliobaki katikati na ufunge fundo legevu hapo. Fuma mstari. Ukifika fundo kabla mstari haujaisha, uliobaki hautoshi mstari mwingine kama huo. Fungua fundo, na ufikirie ukingo wa rangi nyingine. Ukingo wa rangi tofauti huonekana kama ulipangwa tangu mwanzo.

Vitambaa vya dukani vinavyofanana na kroshia vimefumwa na mashine?

Vingi ni vya mashine zinazoiga sura ya kroshia kwa ufumaji wa aina nyingine. Kroshia halisi ni ngumu kwa mashine kwa sababu kila mshono huingia popote kwenye kazi na kumalizwa peke yake, kwa hiyo ukikuta kitu cha kroshia halisi, kwa kawaida mkono wa mtu umepita hapo. Wakati wa njaa kuu ya Ireland, kati ya 1845 na 1852, lesi za kroshia zilikuwa njia ya familia nyingi kujipatia kipato, na mtindo wa Kiairishi wenye maua na majani ya kunyanyuka ungali unafumwa.

Naweza kuuza nilichofuma kwa maelekezo ya mtu mwingine?

Soma masharti ya mwenye maelekezo. Wengi huruhusu kuuza vitu vilivyofumwa kwa mkono mradi atajwe. Kunakili na kuuza maelekezo yenyewe, au picha zake, ni jambo jingine kabisa, na hilo usilifanye.

Niandike nini kwenye zawadi?

Aina ya uzi na namna ya kufua, kwenye kikaratasi kilichofungwa kwa uzi uleule: "Pamba, maji ya uvuguvugu, anika kwa kulaza." Kitu cha kroshia kikilowa kinakuwa kizito, na kikitundikwa kinavutika. Ndani ya bahasha weka pia mita mbili tatu za kila rangi, kwa siku mshono utakapoachia.